Mtoto wa nesi akienda unesi, msikimbilie kuita wito

Kila nikisema mama yangu alikuwa nesi na mimi ni nesi, watu wananijibu kitu kilekile, "aaah basi wito huo umeurithi", na wanasema kwa upendo kabisa sio kwamba wananidharau, ila hilo neno wito nimelichoka na leo naomba nieleze kwanini, maana naona ndo neno linalotumika kufunika mambo mengi sana kwenye hii kazi yetu, mazuri na mabaya.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Mama alianza kama MCHA miaka ya themanini, wale wahudumu wa afya ya Mama na Mtoto, unamaliza darasa la saba unaenda kozi ya mwaka mmoja na nusu, unarudi unapima wajawazito, unachanja watoto, unazalisha. Baadaye akajiendeleza mpaka akawa muuguzi kamili. Mimi nimezaliwa 1995 nikamkuta kwenye zahanati moja huko Morogoro vijijini, nyumba ya watumishi iko hatua kama sitini tu kutoka mlango wa zahanati, umeme hakuna, na dirisha la chumba tulicholala linaangalia njia. Hapo dirishani ndo nilisomea unesi kabla sijajua kama nasoma.

Usiku mtu akibisha, labda ni mume na baiskeli, mke kakalishwa kwenye keria anashikiliwa na wifi yake asidondoke, mama hakuwa anaanza na mlango. Alikuwa anauliza kupitia dirishani huku anatafuta kanga gizani. Wa ngapi huyu? Uchungu umeanza saa ngapi? Chupa imepasuka? Basi, maswali matatu, na mimi niliyelala mkekani nilikuwa nishajua kinachofuata kutokana na majibu. Wa kwanza, uchungu umeanza jioni hii, chupa bado: mama anavaa taratibu, anakunywa maji, anatoka. Wa tano na chupa imepasukia njiani: hapo hata kandambili havai. Na mtu akijibu "damu inatoka", jambo ambalo mama hakuwa hata ameuliza, alikuwa anamwamsha baba aende kwa mwenye pikapu kabla yeye mwenyewe hajamwona mgonjwa.

Miaka ikapita nikaingia chuo 2013. Mwalimu wa ukunga kasimama mbele na chaki anaandika vitu vya kumuuliza mjamzito akifika lebo, yaani wodi ya kujifungulia, ujauzito wa ngapi, amezaa mara ngapi, uchungu ulianza saa ngapi, chupa imepasuka au bado na maji yana rangi gani, damu ipo, mtoto anacheza. Wenzangu wanakopi, mimi nikaanza kucheka peke yangu, mwalimu akadhani namdharau nikatolewa nje. Sikuweza kumweleza kwamba ile orodha yake naijua kwa sauti ya mama, na kwamba la rangi ya maji tu ndo lilikuwa jipya kwangu maana hilo mama alikuwa analiangalia mwenyewe kule ndani na tochi.

Sasa niambieni hapo wito uko wapi. Mama sio mtu wa pole pole kabisa, yaani pole yake ilikuwa inakuja mwishoni kama chenji dukani, kazi ikishaisha ndo anakwambia pole mama, hongera, una kijana. Kilichonivuta mimi sio huruma yake, kilichonivuta ni kwamba pale nje wamesimama watu wanne wanatetemeka na hakuna anayejua cha kufanya, na mtu mmoja tu ndani ya dirisha anajua, na huyo mtu ndo anayenipikia uji asubuhi. Mtoto akiona hicho kitu mara mbili tatu anakitaka. Mimi nilikitaka. Nilitaka kuwa yule anayejua.

Huo kwa Kiswahili cha kawaida unaitwa ufundi. Mtoto wa seremala akiwa anajua ubao mbichi kwa kuunusa tu, hakuna anayemwambia ana wito wa mbao, wanasema kajifunza kwa baba yake, halafu wanamuuliza bei. Mtoto wa fundi cherehani hivohivo. Ila ukifika kwa nesi ghafla maneno yanabadilika, tunaambiwa tumezaliwa nayo, tumeitwa, tuna moyo, na ukishaambiwa una moyo jua bei haiulizwi tena. Hii sio bahati mbaya, jamani. Fundi unamlipa, mwenye wito unamshukuru.

Na kinachonichekesha zaidi ni huyu tunayemuenzi kila tarehe 12 Mei, siku tunashika mishumaa na kusoma kiapo na wageni rasmi wanatuambia tufuate nyayo za Florence Nightingale. Nyayo zipi? Familia yake ilimkatalia! Watoto wa matajiri wa Kiingereza wa enzi zile hawakuwa wanaenda kuosha wagonjwa, hospitali zilionekana sehemu ya walevi na watu waliokosa pa kwenda, mama yake na dada yake walipinga kabisa, miaka na miaka inapita binti yuko nyumbani anakunywa chai na wageni huku anasoma ripoti za hospitali kwa kujificha. Alikuja kupata mafunzo Kaiserswerth kule Ujerumani mwaka 1851 akiwa na miaka thelathini na moja. Na kilichomfungua hasahasa, mimi ndo sehemu ninayoipenda, ni baba yake alipokubali mwaka 1853 kumpa pauni 500 kwa mwaka ili ajitegemee, maana ile kazi ya kwanza London ya kusimamia hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa haikuwa na mshahara. Kwahiyo mwanzilishi wetu hakusukumwa na mzazi kwa maneno matamu, alisukumwa na mzazi kwa hela. Hilo sijawahi kulisikia kwenye hotuba ya Mei hata siku moja.

Tuje kwetu. Ukiangalia kwa makini watu wanaosema "mzazi wangu ndo alinifanya niwe nesi" wako wa aina tofauti kabisa na tunawachanganya. Kuna sisi wa dirishani, wachache. Darasani kwetu mwalimu mmoja aliwahi kuuliza nani mzazi wake ni mtu wa afya, mikono ilikuwa ya kuhesabu. Kuna waliouguza, yaani mama au baba aliugua muda mrefu, kiharusi au kansa au sukari, na mtoto wa form two ndo alikuwa anamgeuza kitandani na kumsafisha vidonda, hawa wakija chuoni wana mikono mizuri kuliko wote, ila ndo ambao wodi ya watu wazima inawaumiza zaidi kwasababu kila mzee wanayemgeuza ni baba yao. Na kuna kundi kubwa kuliko yote, wale ambao mzazi alikaa na fomu akasema afya ina ajira, soma afya. Hakuna dirisha hapo wala kitanda, kuna hesabu tu ya mzazi. Siwasemi vibaya, wengi wao ni manesi wazuri sana, ila ukweli usemwe kwamba hiyo hesabu ndo imejaza vyuo.

Na hapo ndo mgogoro wenyewe. Mzazi anampa mtoto ramani ya mji ambao haupo tena.

Enzi za mama ulikuwa unamaliza chuo unapangiwa kituo, imeisha hiyo, barua inakungoja, yeye hakuwahi kuandika barua ya kuomba kazi maisha yake yote, hata ukimuuliza CV ni nini anakujibu ni kitu cha watoto wa mjini. Miaka ya tisini serikali ikafunga milango ya ajira na kupunguza watu, yeye alishakuwa ndani. Likaja zoezi la kuhakiki vyeti vya watumishi 2017, yale majina 9,932 ya vyeti vya kughushi, na wale wa darasa la saba walioajiriwa baada ya Mei 2004 bila cheti cha form four wakaondolewa kazini, mwaka uliofuata ndo wakarudishwa, mama nyumbani presha juu ila yeye alikuwa kaajiriwa zamani, akapita tena. Sasa mtu ambaye amepita milango yote hiyo salama akikwambia "mwanangu, soma hii, hutakosa kazi" unamuaminije usimuamini?

Mimi nilimuamini. Form four nimemaliza 2012, na wanaojua wanajua ule mwaka, matokeo ya kwanza zaidi ya nusu ya watahiniwa tulipata sifuri, na mimi nikiwemo, nililala ndani siku tatu. Mei 2013 serikali ikafuta yale matokeo yakapangwa upya, nikaibuka na D zangu za baiolojia, kemia na fizikia nikapata chuo. Huwa nawaambia wanaonisifia wito: wito wangu ulikuwa umefeli, umeokolewa na serikali.

Nikamaliza diploma 2016. Si mnakumbuka 2016? Ndo ajira zimesimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Nikafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikapata leseni, nikarudi nyumbani nimeshika leseni kama mtu aliyeshika funguo za gari halafu gari lenyewe hana. Nikaanza kujitolea kwenye kituo kimoja cha afya, kujitolea maana yake unaingia zamu zote, usiku unaingia, sikukuu unaingia, mwisho wa mwezi unapewa nauli kama mganga mfawidhi akikumbuka. Jioni nakaa kibanda cha miamala cha shemeji ndo napata ya kula. Mwaka 2020 ukafika, Shirika la Afya Duniani likautangaza Mwaka wa Muuguzi na Mkunga, kuadhimisha miaka 200 tangu Florence azaliwe, likatoa na ripoti kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi kama milioni 5.9. Nimeisoma hiyo habari kwenye simu nikiwa kibandani namtolea mteja elfu kumi. Dunia nzima inanitafuta na mimi nipo hapa hapa stendi!

Nimeajiriwa 2021. Miaka mitano. Jirani zetu Kenya mwaka huohuo wakasaini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi kule, nikajiuliza sana kama nilikosea kuzaliwa upande huu wa mpaka, ila nikaenda kuripoti halmashauri na begi langu.

Na mama katika ile miaka mitano alibadilika kitu. Mwanzoni alikuwa ananiambia vumilia, hii ni kazi ya Mungu. Mwaka wa tatu akaacha kusema. Mwaka wa nne kuna siku nimerudi zamu ya usiku nimekaa jikoni naloweka mkate kwenye chai akanitazama muda mrefu akasema, "Baba, mimi nilikudanganya. Sikujua kama nakudanganya." Nikamwambia hujanidanganya mama. Ila alikuwa sahihi kiasi, na nadhani wazazi wengi manesi wana deni hilohilo na hawalisemi.

Kingine ambacho habari za kurithi wito haziwezi kukieleza ni kwamba tunarithi na mabaya. Kila mtu anajua malalamiko kuhusu manesi, midomo, kebehi za lebo, yale ya "wakati unaitafuta mbona hukulia", mimi sitasimama hapa kuyakanusha kwasababu nimeyasikia kwa masikio yangu. Mama hakuwa anatukana ila alikuwa na neno lake moja, akichoka anasema "mama mzazi, unanichosha", anasema kwa sauti ya chini tena bila kumwangalia mtu, na mtu anayeambiwa hivyo ananyamaza kama kamwagiwa maji. Niliapa hilo neno sitalisema. Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku niko mwenyewe, wazazi watatu lebo, mmoja anasukuma kabla ya muda na nimeshamwelekeza mara nne, nikasikia mtu anasema "mama mzazi, unanichosha", na mtu huyo ni mimi. Sauti ileile, mpaka ule uchini wake. Yule dada akageukia ukutani. Alijifungua salama, mtoto kilo tatu na pointi, na alipokuwa anaondoka akaniambia asante dokta bila kuniangalia.

Nilimpigia mama nikamweleza. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Mlikuwa wangapi zamu?" Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Hata mimi siku zote nilikuwa peke yangu." Hakusema kama ndo ruhusa wala kama ni kosa, akanyamaza hapo. Mimi naona hilo jibu lina uchambuzi ndani yake kuliko semina za lugha nzuri kwa mteja nilizohudhuria zote, pamoja na soda zake.

Na umesikia hapo nimeitwa dokta. Hiyo nayo nisiipite. Mimi mwanaume nikiingia wodini na yunifomu ileile ya uuguzi naitwa dokta, kuanzia siku ya kwanza nikiwa mwanafunzi sijui hata kuweka kanula vizuri. Mama amefanya kazi zaidi ya miaka thelathini, amezalisha watu ambao leo wanaleta wake zao, na mpaka anastaafu ni nesi, sista, wale vijana wa siku hizi wanamwita bibi nesi. Siku moja alinisindikiza kituoni kwangu kuchukua dawa za presha, mgonjwa akampita yeye akaja kuniuliza mimi kuhusu mtoto ana homa, na mama akajibu kutoka pembeni, jibu sahihi, yule mgonjwa akanigeukia mimi kuhakikisha. Ufundi nimeuchukua kwake, heshima nimeikuta mlangoni nikapewa bure.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu, kuna namba moja ambayo kila nikiiona naifikiria ile nyumba isiyo na umeme. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja, wa 2022 ukakuta 104. Kushuka huko kuna sababu nyingi, vituo vya afya vilivyoongezwa vyumba vya upasuaji, damu, dawa, usafiri wa dharura wa m-mama ambao leo mtu anapiga simu gari linatumwa, sio baba aende kugonga kwa mwenye pikapu. Mwaka 2025 Rais alipewa na tuzo kwa hilo, sawa. Ila katikati ya hizo sababu zote kuna mtu aliyeuliza maswali matatu mapema na akajua nani wa kumpeleka sasa hivi na nani wa kusubiri, na huyo mtu kwenye orodha za pongezi huwa anawekwa kwenye "na wadau wengine".

Mama kastaafu 2023, miaka sitini kamili. Mafao amepigiwa kwa kile kikokotoo cha kulipwa asilimia 33 kwa mkupuo, baadaye kikapandishwa 40, na bi mkubwa mpaka leo ana daftari la hesabu zake mwenyewe ambazo anaamini ni sahihi kuliko za mfuko. Anaishi kijijini kwenye nyumba yake, na bado kuna watu wanabisha usiku japo zahanati ipo na ina manesi wawili na sola. Hafungui. Anauliza yale matatu kupitia dirishani, akishapata majibu anawaambia nendeni kituoni sasa hivi msipitie popote, halafu ananipigia mimi simu saa nane usiku kunieleza kama vile nimeuliza.

Mwaka jana binti wa dada yangu kamaliza form four, matokeo mazuri kunishinda mimi mbali, akaja kwa bibi yake na fomu za chuo akisema anataka afya. Nikajua sasa tutasikia hotuba. Mama hakutoa hotuba, alienda chumbani akarudi na faili la salari slipu zake, zile za zamani za karatasi nyembamba mpaka za mwisho za kuprinti, akamwekea mezani akamwambia zisome zote ndo ujaze. Mtoto kasoma karibu saa nzima, anauliza makato haya ni ya nini, mbona posho ya zamu ipo mwezi huu na mwezi ule haipo, mama anajibu moja moja, mengine anasema hata mimi sikuambiwa. Alipomaliza akajaza. Chaguo la kwanza kaweka famasia, la pili uuguzi na ukunga.

Mama akavaa miwani akaisoma ile fomu juu mpaka chini, akairudisha. Akasema famasia nayo wanasimama kutwa nzima, anunuliwe viatu vya soli nene.